Steitimenti ya benki sio hela ya maonyesho, na mengine mnayodanganyana kuhusu kusoma nje

Kazi yangu ni kusaidia watu kuandaa maombi ya vyuo vya nje. Ukifika wakati wa kuthibitisha hela kwa ajili ya viza, kuna sentensi moja nikiisikia tena nitafunga ofisi niende kuuza mitumba: "Hela ipo, ni ya kuonyesha tu, tunaiweka kwenye akaunti, tunaprinti steitimenti, alafu tunamrudishia mwenyewe." Anayesema hivyo sio mtoto tu, wazazi wanasema, mashemeji wanasema, na mbaya zaidi wanasema kwa kujiamini kabisa utadhani wametoka kuongea na balozi asubuhi.

Haya tuanze na Uingereza maana ndo wengi mnakokimbilia. Kule kanuni inasema hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla hujatuma maombi. Mfululizo maana yake mfululizo. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, hata kwa elfu kumi uliyotoa ya nauli, umeharibu, unaanza kuhesabu upya. Na kiwango chenyewe ni ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki kwenye CAS yako (ile hati ya chuo ya kuombea viza), ujumlishe hela ya kujikimu ya miezi hadi 9, ambayo tangu Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi ukiwa London na pauni 1,171 nje ya London. Miezi 9 nje ya London tu ni pauni 10,539, hapo ada hujaigusa. Alafu wewe akaunti yako ni ya shilingi, wao wanabadilisha kwa rate ya OANDA (tovuti ya kubadilishia fedha) ya siku uliyotuma maombi, kwa hiyo mtu anayeweka kiasi kilekile bila nyongeza shilingi ikiteleza kidogo amekwisha. Mimi wateja wangu nawaambia waongeze juu kidogo, wananiona mchawi wa hela zao.

Sasa kingine ambacho hakiwaingii kichwani ni hela ni ya NANI. Uingereza wanakubali hela yako, ya mwenzi wako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria, na ya mzazi unaambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake kwamba amekubali uitumie. Mjomba hayumo. Najua mjomba ndo amekusomesha tangu darasa la kwanza, najua kwetu mjomba ni baba, lakini afisa wa viza hajui hayo na wala hayamhusu. Mjomba kama anataka kusaidia kweli akuhamishie hiyo hela mapema iwe yako, ikae, na kuwe na karatasi inayoeleza imetokaje. Marekani hapo wamelegea kidogo, mtu mwingine anaweza kusimama kama mdhamini, ila chuo kitataka karatasi zake kabla hakijakupa I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza.

Na karatasi ndo penyewe. Akaunti miaka 2 inaingia laki tatu laki mbili alafu ghafla Jumanne imeingia milioni 50, unadhani anayesoma hajui kusoma? Nchi nyingi wataitaka historia ya hiyo hela. Umeuza kiwanja, leta mkataba wa mauziano. Ni kiinua mgongo cha mzee, leta barua ya mfuko. Umetoa kwenye kikoba cha dada yako utarudisha baada ya wiki mbili, hapo sina cha kukwambia. Na anayekuuzia steitimenti ya kutengeneza ndo mkimbie kabisa, maana benki inaweza kupigiwa ithibitishe, na Uingereza wakigundua umedanganya unaweza kufungiwa miaka 10. Miaka 10 sababu ya karatasi ya mtaani, jamani!

Ujerumani ndo pananifurahisha maana pale ujanja wa kuonyesha umekatwa mguu. Unafungua Sperrkonto, akaunti iliyofungwa, kwenye kampuni kama Fintiba au Expatrio, unaweka euro 11,904 za mwaka mzima (ni zaidi ya milioni 30 zetu), na huwezi kuzitoa kwa mkupuo. Ukishafika kule ndo unaachiwa euro 992 kila mwezi. Sasa yule uliyemkopa ukamwambia "ni ya kuonyesha tu" atakaa anakusubiria umrudishie kwa 992, na wewe hapo hapo unataka kula na kulipa pango. Kama una ndugu anaishi Ujerumani na kipato kinaeleweka, anaweza kwenda ofisi ya wageni kusaini kwamba gharama zako ni juu yake, hiyo inakubalika badala ya akaunti. Hapo hata mjomba ruksa.

Tukiwa huko huko Ujerumani, eti "ni bure kabisa". Vyuo vingi vya serikali ada hakuna, kweli, unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula, na TU München nao wameanza kutoza tangu muhula wa baridi wa 2024. Soma ukurasa wa chuo chenyewe, sio stori za WhatsApp.

"Nikifika nitabeba maboksi, ada itajilipa." Hii inashika namba mbili kwa kunikera. Twende na hesabu. Uingereza mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Kima cha chini cha Aprili 2025 kwa mwenye miaka 21 kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, piga mara 20 ni pauni 244 kwa wiki, kwa mwezi inafika kama 1,058. Yani hata ile 1,171 wanayosema ni ya kujikimu hujaifikia, ada utaitoa wapi? Canada ni saa 24 nje ya chuo, Australia saa 48 kwa wiki mbili, Marekani mwaka wa kwanza unafanya kazi za ndani ya chuo tu, saa 20. Ukizidisha masaa unacheza na viza yako. Boksi linasaidia chakula na nauli, basi.

"Nimepata admisheni, nimeshaondoka." Hujaondoka. Chuo na ubalozi ni watu wawili tofauti kabisa. Marekani sheria yao inakuchukulia unataka kuhamia moja kwa moja mpaka wewe umshawishi afisa vinginevyo, hata chuo kikupende vipi. Wengine mmeshaaga kanisani tayari, mmekula na michango ya watu.

"Ajenti ana mtu ubalozini." Hana. Kituo unachopeleka alama za vidole kinapokea tu, hakiamui kitu. Na mjue ajenti wengi wanalipwa kamisheni na vyuo, ndo maana vyuo vya serikali vya Ujerumani ambavyo kwa kawaida havilipi kamisheni huwasikii wakivitaja.

Lugha: kusoma sekondari kwa Kiingereza kuna vyuo vinakubali na kuna vingine vinataka IELTS (mtihani wa Kiingereza), anayeamua ni chuo, mwandikie umuulize. Matokeo ya IELTS yanadumu miaka 2, usifanye mapema mno ukajikuta unalipia tena. Kipimo cha TB cha viza ya Uingereza nacho ni kwenye kliniki walizoziidhinisha wao tu, sio hospitali ya wilaya.

Mwisho majina, na hili naomba mlifanye leo. Cheti cha NECTA kina majina mawili, cha kuzaliwa matatu, paspoti imeandikwa herufi tofauti, alafu unaniletea maombi ikiwa zimebaki wiki tatu. Pangeni vyeti vyote mezani mlinganishe herufi kwa herufi kabla hata hujachagua chuo, pasipofanana nenda kwa wakili ukaanze mambo ya deed poll (hati ya kubadili jina) na RITA, alafu ndo uje tuongee habari za vyuo.