Chuma kinene hakitibu ufa: kuhusu subfremu ya nyuma ya BMW E46

Nimeletewa tena E46 iliyochomelewa bati la milimita 6 chini ya buti, pale subfremu (fremu ndogo inayobeba difu na magurudumu ya nyuma) inapofungwa kwenye sakafu, na ufa mpya umejitokeza pembeni tu mwa bati hilo. Mwenye gari ananiambia fundi wa kwanza alifanya kazi ya uhakika. "Aliweka chuma cha maana, fundi. Ni hizi barabara zetu tu." Kila mara najibu hoja hii kwa mdomo, gari likiwa juu ya stendi, na wiki inayofuata anakuja mwingine na maneno yaleyale. Sasa naandika jibu langu.

Nianze na barabara, maana ndiyo inayobebeshwa lawama zote. E46 zilitengenezwa kuanzia 1997 hadi 2006, na zimepasuka sakafu ya nyuma huko Ujerumani, Uingereza na Marekani, kwenye lami ambayo sisi tunaiona kwenye picha. Matuta na mashimo yanaharakisha ugonjwa, hilo sikatai. Lakini mzigo unaoipasua sakafu unatoka kwenye injini. Gia ya kwanza ikishirikiana na difu huzidisha nguvu ya kusokota zaidi ya mara 10. Injini ya Nm 200 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kusokota) inakuwa zaidi ya Nm 2,000 kwenye ekseli, na nguvu inayosukuma matairi mbele inaisokota difu kinyume chake. Difu imefungwa kwenye subfremu, na subfremu imening'inizwa kwenye bodi kwa bolti nne zenye bushi kubwa za raba. Ukikanyaga mafuta, mbele ya subfremu inasukumwa juu na nyuma inavutwa chini. Ukiachia, inageuka. Ukirudi rivasi, inageuka tena. Hayo ni maisha ya bati la sakafu kila siku kwa miaka zaidi ya 20, na bati lenyewe ni jembamba: sakafu ya gari dogo huwa karibu milimita 1, mahali pengine pungufu.

Kwa hiyo bati halivunjiki kwa kishindo kimoja cha shimo. Linachoka. Mzigo ambao lingeubeba bila shida mara moja linashindwa kuubeba likirudiwa mara mamilioni, na ufa unaanzia mahali ambapo nguvu zimejikusanya: kwenye nukta za weldi ya kiwandani zinazoshikanisha mabati, kwenye pembe kali, kuzunguka nati iliyozikwa ndani. Bushi zikiisha, ndiyo kabisa, maana subfremu inaanza kugonga badala ya kusukuma.

Wengi huja na malalamiko ya mlio: "ko" moja nyuma ukiingiza D au R, au ukiachia klachi. Wameshabadilisha bushi, stabilaiza linki, hata shokapu, na mlio upo palepale. Mzee, ukishabadilisha yote hayo, anza kutazama bodi. Funua kapeti la buti uone silanti (gundi ya kuziba) ya kiwandani kwenye maungio. Ikiwa imechanika kwa mstari, chini yake kuna nukta zilizoachia. Halafu ingia chini na taa, uishike kwa ubavu, siyo moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaotoa kivuli cha ufa. Ufa mchanga hauonekani kama ufa. Utaona rangi imeinuka kama ukucha mwembamba, na kando yake kuna vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, laini kuliko tope la kawaida. Vumbi hilo ni kingo mbili za chuma zinazosagana na kupata kutu. Ukilikuta, shusha subfremu yote, kwa sababu baadhi ya nyufa za gari hili zinajificha nyuma ya bushi na huwezi kuziona kitu kikiwa kimefungwa.

Kushusha sitaki kukueleza kwa kirefu. Ekzosi, propela, kebo za handibreki, mabomba ya breki, springi, shokapu, vyote vinatoka. Betri, kama iko ndani ya buti, itoe. Tangi la mafuta liko mbele ya eneo hilohilo, kwa hiyo nalo linatoka, na asikudanganye mtu kwamba litafunikwa kwa gunia bichi. Sakafu ya buti ina lami ya kuzuia kelele, inashika moto upesi. Mtu mmoja asimame ndani na kizimamoto muda wote unapochomelea chini.

Sasa chuma kinene.

Watu wanaamini kwamba kama bati la milimita 1 limepasuka, la milimita 6 haliwezi kupasuka, kwa hiyo ndilo dawa. Ni kweli kwamba la milimita 6 halitapasuka. Lakini limeshikiliwa na nini? Limeshikiliwa na lilelile la milimita 1, ambalo sasa limechoshwa na kuchomwa moto juu yake. Shona kiraka cha turubai kwenye kanga kuukuu, halafu vuta: kanga itachanika kufuata mshono. Bati nene halijipindi kabisa, na jembamba lililo jirani linalazimika kujipinda lote pale linapokutana na ukingo wa weldi. Zamani mkunjo ulienea eneo la upana wa kiganja. Sasa umebanwa kwenye mstari mmoja. Ndiyo maana ufa mpya hutokea pembeni mwa bati, umenyooka kana kwamba umepigiwa rula. Ufa haukuzibwa, umehamishwa, na umehamia mahali pagumu zaidi kutengeneza.

Ninachotaka ni eneo. Bati la milimita 2, nikilazimika sana 2.5, lakini pana, lifike mbali na bolti, pembe zote zimezungushwa, kingo zimegongwa zifuate mabonde ya sakafu mpaka likae bila kulazimishwa. Siweki weldi mfululizo kuzunguka ukingo wote. Natoboa matundu kwenye bati jipya, nayatawanya, nachomelea kupitia matundu hayo ili mzigo uingie kwenye sakafu kidogokidogo kutoka sehemu nyingi. Kingoni naweka vipande vifupi vyenye nafasi, na kwenye pembe zenyewe, ambapo mkunjo ni mkali, sipigi weldi.

Na kabla ya bati kuwekwa, ufa wenyewe utibiwe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ufa una ncha, na ncha hiyo iko mbali kuliko jicho linavyokuonyesha. Kwangua rangi na zinki mpaka chuma king'ae pande zote mbili, tumia dawa ya kupenya ile nyekundu na poda yake nyeupe, ndipo utaona ufa umetambaa zaidi. Toboa tundu dogo kwenye ncha, milimita 3 inatosha, ili ukali wa ncha upotee. Kisha chomelea ufa wote, saga uwe sawa na sakafu. Kufunika ufa mbichi kwa bati ni kuuficha ukue gizani. Na zinki usiichome: moshi wake unaleta homa usiku, kila fundi aliyewahi kuuvuta anajua.

Kuna jambo linaniudhi zaidi ya unene: vipande vya springi za lori. Vinapendwa kwa sababu ni vigumu na vinapatikana bure gereji. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya weldi inapoa ghafla na kuwa ngumu na tete kama kigae. Ugumu ambao umeupenda wakati unakata kwa grenda ndio utakaokuvunjia kazi. Nunua bati la kawaida la chuma laini. 

Mashine ya kuchomelea iwe ya CO2, ile ya waya na gesi, waya wa milimita 0.6 au 0.8, ukipata gesi ya kuchanganya na agoni ni bora. Vijiti vya weldi ya kawaida kwenye sakafu ya gari hapana. Vinatoboa, kisha fundi anajaza matundu, anatoboa tena, mwisho unabaki na kovu la chuma kilichoungua. Piga kipande, acha kipoe mpaka mkono ukiguse, hamia upande mwingine.

Bati za chini peke yake hazinitoshi tena kwa gari ambalo nukta za juu zimeachia. Juu ya sehemu za bolti kuna uwazi, na ngozi ya juu ya sakafu ya buti inajipinda yenyewe hata kama chini umeimarisha vizuri. Hapo nakata dirisha ndani ya buti na kuunganisha sehemu za bolti na mihimili ya pembeni ya bodi, ili mzigo uwe na njia ya kwenda mahali penye nguvu halisi. Kazi inakuwa kubwa na bei inapanda. Kwa gari la otomatiki la injini ndogo linaloendeshwa kistaarabu, ambalo nukta zote za juu ni nzima, sifanyi hivyo. Mafundi ninaowaheshimu wanasema fanya kwa kila gari, na hoja zao zina uzito.

Bushi za poliyurethani, zile ngumu kuliko raba, nazo nina wasiwasi nazo. Zinazuia subfremu kucheza, hilo ni jema, lakini raba ilikuwa inameza sehemu ya kishindo na sasa kinakwenda bodini chote. Kwa gari la kila siku narudisha raba mpya. Na chuma kilicho jirani na ufa, kinachoonekana kizima, nacho kimeshakula sehemu ya umri wake. Hakuna kipimo cha gereji kinachosoma uchovu kabla ufa haujatokea. Ndiyo maana sitoi garantii ya maisha kwa kazi hii, na anayeitoa muulize anaipimaje. Kama nati imechanika mduara mzima na kutu imeshaingia kwenye uwazi, bosi, hapo tusizungumzie bati tena. Ni kukata sakafu na kuweka nyingine.

Ukimaliza, piga praima, silanti kwenye maungio, na nta ndani ya uwazi, hasa kama gari linalala karibu na bahari. Lakini usikubali kupuliziwa lami nyeusi juu ya matengenezo. Pakeni rangi nyepesi ya kijivu au nyeupe, ili gari likipanda juu kwa ajili ya oili fundi yeyote amulike taa na aone kama kuna mstari wa kahawia umeanza kando ya weldi.