Kusema kwa king'ong'o baada ya kuumia kichwa: msikate kimio

Kwa nini mtu aliyeanguka mkarafuu au kupata ajali ya bodaboda huanza kusemea puani?

Kaakaa laini, ile nyama ya juu nyuma ya kinywa, hunyanyuka tunaposema na kumeza, ikaziba njia ya pua. Ubongo ukijeruhiwa, nyama hiyo huweza kulegea na pumzi hupita puani. Mwambie mgonjwa aseme "baba", utasikia kama "mama". Weka kioo chini ya pua yake anaposema hivyo, kitaingia ukungu. Akinywa chai, huenda ikatokea puani.

Hapa Pemba tunaambiwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kimeshuka, kikatwe.

Hapana. Kimio kinaonekana kimelala kwa sababu kaakaa lenyewe limelegea, na ugonjwa uko kwenye ubongo. Kukikata hakurudishi sauti hata kidogo. Kunaleta kuvuja damu, usaha na pepopunda. Tunaletewa watu wana kidonda kibichi kooni, hata uji hauteremki, na kichwa bado hakijapimwa!

Na akikata fundi mzoefu, kwa wembe mpya?

Hapana vilevile. Wembe mpya hautibu ubongo. Msikate.

Upasuaji wa kweli upo?

Upo, lakini si wa kuanza nao. Ubongo huendelea kupona kwa miezi mingi, kwa hiyo kwanza ni mazoezi ya matamshi na kumeza. Wengine hutengenezewa kifaa kinachoshikwa na meno ya juu, chenye mkia unaoinua kaakaa. Hali ikishatulia na king'ong'o kikabaki, daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani atazame kaakaa linavyokwenda. Anaweza kuchuna ukanda wa nyama ukutani mwa koo akaushona kwenye kaakaa, na pembeni zikabaki njia mbili za pumzi. Baadhi hukoroma au kubanwa pumzi usingizini baadaye. Na ulimi mzito hautibiki kwa njia hii.

Twende hospitali lini?

Siku ile ile. Sauti ikibadilika ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, hata kama hakuanguka, hicho huenda ni kiharusi. Msimnyweshe kitu, hata maji ya kombe la kisomo. Kinaweza kuingia mapafuni. Kisomo hakikatazwi, asomewe garini njiani.

Ameshakatwa kimio. Tufanyeje?

Mleteni leo, na msifiche. Tuambieni alikatwa lini na kwa kitu gani, tuangalie kidonda, tumkinge na pepopunda, kisha tupime kichwa.