Kabla Hujakopa Ununue Lenzi: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Wanyama na Safari

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Nairobi wanaotaka kupiga picha za wanyama ni la bei: kamera gani, lenzi gani, shilingi ngapi. Mara chache mtu huniuliza jua linachomoza saa ngapi, au nyati hulala upande gani wa upepo. Wengi wana bidii na macho mazuri, ila wamepewa ushauri mbaya na watu wanaowaamini, na ushauri huo unawamalizia pesa na hamu. Nitauchambua hapa nionavyo.

Dhana: Picha nzuri hutoka kwa kamera ghali

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, maana kuna watu wamechukua mkopo wa sacco kwa ajili yake. Dukani hutajiwa kwanza megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, nukta ndogo zinazoijenga picha. Haya, tupige hesabu. Ukitaka kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kila inchi, unahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480. Hizo hazifiki hata megapikseli tisa. Kamera kuukuu ya megapikseli 12 inaifanya kazi hiyo na kubakiza. Kwa picha ya kutazamwa kwenye simu, hata hizo ni nyingi mno.

Mpiga picha wa habari Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alianza utotoni na kamera ya Box Brownie, ambayo haina mambo mengi ya kubonyeza. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Ninamtaja kwa sababu wanaoanza leo wanastahili kujua kwamba mji huu umewahi kutoa mtu wa kiwango hicho, na kwamba hakutokana na kifaa.

Sisemi vifaa havina maana. Simu ina mpaka wake: ikishafika mwisho wa lenzi zake, kuendelea kuvuta picha kwa vidole ni kuikata na kuikuza tu, na manyoya ya simba hugeuka uji. Lenzi ya milimita 300, ya kuvuta vitu vya mbali, inakutosha kwa wanyama wengi wakubwa wanaopita karibu na barabara. Kabla ya kununua, ikodi kwanza kwa wikendi moja. Na ukiwa na pesa za kitu kimoja, nunua lenzi nzuri iliyotumika, uendelee na kamera uliyo nayo.

Dhana: Bila Maasai Mara huna picha

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117, na lango lake kuu liko Barabara ya Lang'ata, kilomita saba hivi kutoka katikati ya jiji. Tembo hawapo humo, lakini kuna vifaru weusi, simba, nyati, twiga na aina zaidi ya 400 za ndege. Hakuna mpiga picha wa Paris au Tokyo anayeweza kumweka kifaru na maghorofa ya mji wake kwenye picha moja, asubuhi moja, kisha awahi kazini.

Faida kubwa ya ukaribu huo ni kurudi. Ufundi wa picha za wanyama hujengwa kwa kupita njia ileile mara nyingi hadi ujue swala wanalalia wapi wakati wa baridi na ndege gani hurudi kwenye tawi lilelile. Anayeanza kujifunzia Mara hulipa pesa nyingi ili agundue akiwa huko kwamba hajui kuiweka kamera yake ifuate mnyama anayekimbia.

Hata kiingilio cha mbuga si lazima kila mara. Mwewe wa Nairobi wapo kila mtaa, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kunyang'anywa chapati uwanjani wakati wa chakula cha mchana anawajua. Ukitaka kujifunza kupiga ndege anayeruka, huyo ndiye mwalimu. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, fokasi iwe ya kufuata, halafu mtazame kwanza bila kupiga. Anapozunguka angani anaupinda mkia huku na huku kama usukani. Anapokaribia kushuka hukunja mbawa na kichwa hutazama chini. Ukiona kichwa kimeinama, kidole kiwe tayari. Makorongo marabu wa Barabara ya Mombasa ni wazito na wavivu zaidi, kwa hivyo wanafaa kwa wiki ya kwanza. Kule Karura, msitu aliopigwa Wangari Maathai akiutetea mwaka 1999, kuna kima na mbega. Vilevile Jumatano asubuhi kuna matembezi ya kutazama ndege yanayoandaliwa na shirika la Nature Kenya. Nenda nao. Kumsikiliza mtu anayemtambua chozi kwa sauti yake kutakufaa kuliko video nyingi za mtandaoni.

Dhana: Jua likiwaka vizuri, picha hutoka vizuri

Hapa ndipo ushauri wa kutoka nje hutupotosha hasa. Vitabu vya Ulaya vinasifu mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni, na vinauzungumzia kana kwamba una muda mrefu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa, kwa hivyo ule mwanga laini wa manjano unaisha upesi mno. Nairobi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika saa mbili na nusu umeshakosa kilichokutoa kitandani.

Mchana ni shida nyingine. Mwezi Machi na Septemba, mnamo saa sita na nusu, jua huwa karibu juu ya utosi. Macho ya duma huzama kwenye kivuli cha paji la uso wake, na bila macho picha ya mnyama haina uhai. Tena ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu ya nyasi huanza kuchezacheza. Ukimpiga pundamilia aliye mbali saa saba mchana, mistari yake hutoka imevurugika, nawe utadhani lenzi ni mbovu. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuisafisha hewa hiyo. Subiri au sogea.

Sasa mwezi Julai. Watu hufungia kamera kabatini kwa sababu ya mawingu na baridi, na mimi huumia moyo nikiwaona. Wingu zito linatandaza mwanga sawasawa: nyati mweusi anaonyesha kila unywele, kifaru anaonyesha mikunjo ya ngozi, na unaweza kupiga hadi saa tano bila kivuli kikali. Nao msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hewa husafishwa vumbi na nyasi huwa kijani kibichi. Ni kweli barabara za mbuga huwa tope na nyasi ndefu huficha simba, lakini kwa rangi hakuna miezi inayoishinda hiyo.

Dhana: Kamera ya kisasa inajua yenyewe

Inajua kukisia tu. Mfikirie nyati aliyesimama na yangeyange mgongoni. Kamera ikiona weusi umejaa fremu hudhani mahali pana giza, kwa hivyo huongeza mwanga. Nyati hugeuka kijivu, na yangeyange huwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Weupe ukishaungua namna hiyo haurudi, hata uhariri usiku kucha. Kitufe cha kurekebisha mwanga chenye alama ya kujumlisha na kutoa ndicho dawa. Kishushe hatua moja, piga, tazama grafu ya mwanga kwenye kioo cha nyuma, kisha amua. Mbega wa Karura, mweusi mwenye joho jeupe, ana mtego huohuo, na ndani ya kivuli cha msitu ni mgumu zaidi. Ukiweza kumpiga mbega ukabakiza nywele zake nyeupe, umeshaelewa mwanga.

Dhana: ISO ikipanda, picha imeharibika

ISO ni kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga, na ikipanda picha hupata chenga. Chenga zinapunguzika kwa programu ya kuhariri. Picha iliyotikisika haina tiba. Alfajiri, simba akitembea, panda hadi ISO 3200 bila woga ili shata ibaki 1/500 au zaidi. Zima injini ya gari pia, maana mtetemo wake hupita dirishani hadi kwenye lenzi. Uiegemeze lenzi hiyo kwenye kifuko cha maharagwe ulichokiweka kwenye dirisha.

Dhana: Ukimkaribia mnyama zaidi, ndivyo picha inavyokuwa kali

Nimeona magari yakimzingira duma hadi akaacha windo. Duma huwinda mchana kwa kutegemea macho, na akizibwa njia yeye na watoto wake hushinda njaa. Kanuni za mbuga zinakataza kuacha barabara, kumlisha mnyama na kushuka garini nje ya sehemu zilizotengwa. Ndege zisizo na rubani nazo haziruhusiwi humo bila kibali. Dereva akikuambia "tuingie kidogo tu," mkatalie kwa upole na umwahidi kwamba bahasha yake haitapungua. Mara nyingi huingia porini kwa sababu anadhani mteja ndivyo atakavyo.

Wanaoheshimika katika kazi hii huliangalia jambo hilo. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloandaliwa London, lilimnyang'anya ushindi mpiga picha wa mbwa mwitu wa Uhispania kwa sababu waamuzi walihitimisha kuwa yaelekea mnyama alikuwa wa kufugwa aliyefunzwa. Mwaka 2018 liliiondoa picha iliyopigwa Brazili ya mnyama mla-mchwa baada ya wataalamu kusema alikuwa mnyama mfu aliyekaushwa.

Mnyama mdogo ndani ya mandhari pana huweza kuwa picha bora kuliko uso uliojaa fremu. Ukiwa kwenye gari la paa la kufunguka, kaa upige kupitia dirishani. Kamera ikishuka hadi usawa wa macho ya mnyama, ardhi hurudi nyuma yake na ukubwa wake huonekana.

Dhana: Mahali pa umma, kila uso ni halali yako

Mama anayeuza mboga Gikomba si mandhari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaichukulia taarifa yoyote inayomtambulisha mtu kuwa data yake, na picha ya uso wake imo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Kambi za jeshi na Ikulu usizielekezee kamera kabisa.

Kabla ya kuitoa kamera, salimia. "Shikamoo mama, biashara inaendaje?" Nunua sukuma wiki za shilingi ishirini, eleza unachofanya, uliza. Akikataa, shukuru na uendelee. Akikubali, mpigie akiendelea na kazi yake, na ukichapisha nakala umpelekee. Wiki inayofuata jirani zake ndio watakuita.

Dhana: Kuhariri ni kudanganya

Faili ya JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaikamilisha yenyewe, huhifadhi ngazi 256 za kila rangi, na faili ghafi (RAW) ya biti 14, ambayo kamera haijaigusa, huhifadhi 16,384. Ukipiga ghafi, kuhariri ni hatua ya lazima, la sivyo picha hutoka imepauka. Kuongeza mwanga na kunyoosha upeo ni kawaida. Kumpachika simba asiyekuwepo ni uongo, na ukitaka kuonyesha mchanganyiko kama huo useme waziwazi.

Dhana: Piga nyingi, moja haitakosa kutoka

Ukirudi na picha 2,000 usizozitazama, hujajifunza kitu. Chagua kumi zilizoharibika na uandike chanzo cha kila moja: kasi ndogo ya shata, fokasi imeshika majani, mwanga umeungua, umechelewa. Chanzo kitakachojirudia zaidi ndicho cha kufanyia mazoezi Jumamosi, kwa mwewe wa mtaani kwako, kabla ya kulipa kiingilio tena.