Kusaga Meno Usingizini: Maswali na Majibu

Nikilala sisikii chochote. Nitajuaje kama nasaga meno?

Mara nyingi anayejua kwanza ni yule mnayelala naye chumba kimoja. Mlio wa meno humwamsha yeye, wewe ukiwa umelala fofofo. Anayelala peke yake aangalie dalili za asubuhi: taya zimekaza, kichwa kinauma pembeni karibu na masikio, meno yanapata ganzi yakiguswa na maji baridi. Jitazame pia kwenye kioo. Ncha za meno ya mbele zilizosawazika kama zimepigwa msasa, au kingo za ulimi zenye alama za meno, ni sababu ya kwenda kumwona daktari wa meno.

Si wote hutoa mlio. Wapo wanaobana meno kwa nguvu, kimya kabisa, na hao ndio hugundulika wakiwa wamechelewa, pengine siku jino lililozibwa linapopasuka.

Kinatokea nini hasa?

Zamani lawama nyingi ziliangukia meno yasiyopangika vizuri. Siku hizi wataalamu hutazama zaidi ubongo na usingizi. Misuli ya taya hukaza usingizi unapokuwa mwepesi ghafla, mtu anapokaribia kuamka lakini haamki. Msongo wa mawazo huchangia, na vivyo hivyo pombe, sigara, na kahawa ya jioni. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, zinaweza kuleta tatizo hili. Ukilishuku hilo, zungumza na aliyekuandikia dawa, usizikatize mwenyewe.

Na kama unakoroma sana, pumzi hukatika usingizini, au unashinda ukisinzia mchana, mwambie daktari hata kama unaona hayahusiani na meno. Yanaweza kuhusiana sana.

Kinga ya meno ya usiku itaniponya?

Hapana, na afadhali ulijue hilo kabla hujalipia. Kinga ni kipande cha plastiki kinachovikwa juu ya meno ya taya moja, kwa kawaida la juu, ili meno ya juu na ya chini yasikutane. Ukisaga, kinacholika ni plastiki. Wengi huendelea kusaga hata wakiwa wameivaa.

Hata hivyo ina faida kubwa. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, haina chembe hai, kwa hiyo ikishalika haioti tena. Plastiki hubadilishwa. Ndiyo maana kinga yenye mikwaruzo si kinga mbovu. Mikwaruzo ile ingekuwa kwenye magego yako.

Nichukue ile laini inayolainishwa kwa maji moto, au nitengenezewe?

Ile laini yaweza kukusitiri kwa muda mfupi. Tatizo lake ni kwamba huchakaa upesi, na baadhi ya watu huitafuna usiku kucha, misuli ikazidi kuchoka. Inayotengenezwa kwa kuchukua alama ya meno yako huwa ngumu na hukaa sawasawa, na daktari huipunguza pale inapogusa vibaya. Ni ghali zaidi, lakini kwa mtu anayesaga sana mimi ningependekeza hiyo. Kinga isiyolingana na meno yako, ukiivaa miezi mingi, inaweza hata kuyasogeza.

Naitunzaje?

Isugue kwa mswaki na maji ya kawaida kila asubuhi, iache ikauke, kisha iweke kwenye kikasha chenye matundu. Maji ya moto huipinda. Uendapo kukaguliwa meno, nenda nayo.

Kuna la kufanya bila kifaa?

Lipo, na huanza mchana. Midomo ikifungwa, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Hukutana hasa wakati wa kutafuna na kumeza. Jichunguze ukiwa kazini au njiani: ukikuta umeyabana, legeza taya, weka ncha ya ulimi nyuma kidogo ya meno ya juu, ushushe mabega. Acha kutafuna kalamu, kucha na jojo. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni kabla ya kulala hutuliza misuli iliyochoka.

Akitokea mtu anayetaka kuyachonga meno yako ili yakae vizuri, eti uache kusaga, uliza mara mbili. Kilichochongwa hakirudi.

Mtoto wangu anasaga meno. Ni minyoo?

Watoto wengi husaga meno, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Kusaga meno peke yake si ushahidi wa minyoo. Akiwa anawashwa sehemu ya haja kubwa usiku, hapo ni busara apimwe. Mtoto kwa kawaida havishwi kinga kwa kuwa taya na meno yake bado yanakua. Mpeleke hospitali akilalamika maumivu, meno yakionekana kulika, au akiwa anakoroma na kulala mdomo wazi, kwa sababu huenda tezi za kooni au za nyuma ya pua zimevimba na kumbana pumzi.