Wakuja wa Dar: tunayosema na ilivyo

Kuna maneno tunayarudia vijiweni na kwenye daladala mpaka yanaonekana kweli, na yanaumiza watu jamani.

Eti Dar inafurika wakuja kuliko zamani. Sensa ya 2012 ilitukuta 4,364,541, ya 2022 ikatukuta 5,383,728, tumeongezeka ndio, ila ni kama asilimia 2.1 kwa mwaka wakati nchi nzima ni 3.2, na miaka kumi kabla ya hapo Dar ilikua kwa 5.6. Wengi siku hizi wanajenga Kibaha na Mkuranga ndo sababu mojawapo mkoa jirani wa Pwani umefika milioni 2.

Afu eti anayekuja mjini ndo fukara wa mwisho kijijini. Nauli anatoa wapi? Mara nyingi anakuja mwenye ndugu wa kumpokea, au kwao wameuza mbuzi, asiye na kitu kabisa anabaki kulekule.

Na wakirudishwa kwao mji utapumua? Ilijaribiwa 1983, kampeni ya serikali ya Nguvu Kazi, watu wakapakiwa kwenye magari kurudishwa vijijini na wengi wakarudi.

Ila hii ndo inanigusa zaidi: eti tukikaa nyumba moja chuki inaisha yenyewe. Mwanasaikolojia Gordon Allport alisema toka 1954 kukutana kunasaidia zaidi watu wakiwa sawa, wakifanya kitu pamoja kwa lengo moja, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Watafiti Pettigrew na Tropp 2006 wakapitia tafiti 515, wakakuta kukutana kwenyewe kunapunguza chuki, ila masharti hayo yakiwepo inapungua zaidi.

Nilipanga Manzese, vyumba nane luku moja, kulikuwa na mama Muha wa Kasulu, Kigoma, karibu na Burundi, hela ya umeme ikipelea anaulizwa yeye kwanza, "nyie Warundi bwana". Watu wanasema ni utani, lakini utani mnarushiana, yeye alikuwa anarushiwa tu. Miaka miwili ukuta kwa ukuta, hakuna kilichobadilika. Tulipoanzisha kikoba tukampa daftari kwa sababu mwandiko wake unasomeka, kila Jumapili mnakaa mkekani mnampa hela anaandika jina lako, hapo ndo ile "Warundi" ikaanza kupotea midomoni, taratibu, wala hakuna aliyekataza.

Ila mwaka huohuo alienda ofisi moja kufuatilia kitambulisho, akaambiwa alete ushahidi bibi yake alizaliwa wapi, akarudi akakaa kwenye mkeka kimya na lile daftari mapajani.