Muhuri wa Silinda: Mahali pa Kuanzia Kuielewa Sanaa ya Mesopotamia

Watu wanaoniuliza waanzie wapi kuielewa sanaa ya Wasumeri, Wababeli na Waashuri hutarajia niwatajie mafahali wenye mabawa na vichwa vya binadamu waliolinda malango ya majumba ya wafalme wa Ashuru, au Lango la Ishtar la Babeli lenye matofali ya buluu. Mimi huwaelekeza kwenye kabati la kioo ambalo wageni wengi wa makumbusho hulipita bila kusimama: kabati la mihuri ya silinda, vijiwe vya mviringo ambavyo kwa kawaida urefu wake ni kati ya sentimita 2 na 5, vilivyotobolewa katikati ili vipitishwe uzi au pini. Mihuri hii ilianza kutengenezwa takriban mwaka 3500 KK katika Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, na katika Susa, magharibi mwa Iran, na iliendelea kutumika kwa miaka ipatayo 3,000. Nashikilia kwamba picha nyingi tunazozistaajabia kwenye kuta na nguzo za wafalme zilikuwa zimekwisha kukomaa mikononi mwa wachonga mihuri muda mrefu kabla hazijakuzwa kufikia kimo cha mtu.

Fundi wa mihuri alifanya kazi kinyume. Kile kilichotakiwa kuinuka kwenye udongo alikichimba ndani ya jiwe, cha kulia akakiweka kushoto, na maandishi pia akayachonga yakiwa yamegeuzwa, ili muhuri ulipoviringishwa juu ya udongo mbichi picha ijitokeze sawasawa. Kwa kuwa uso wa silinda hauna ukingo wa kushoto wala wa kulia, picha yake haina mwanzo wala mwisho, na mtu akiendelea kuviringisha hujirudia kadiri udongo unavyoruhusu. Mafundi hodari waliijua sifa hii na wakaitumia: walipanga wanyama waliopishana shingo, mapambano ambayo mshindi wa tukio moja anageuka kuwa jirani wa tukio linalofuata, na safu za mifugo inayotembea bila kufika ukingoni.

Kazi ya kwanza ya muhuri ilikuwa ghalani. Hekalu la Eanna mjini Uruk lilikusanya nafaka, mafuta, sufu na bia, na wasimamizi wake walihitaji njia ya kujua kama mtungi umefunguliwa au mlango umeguswa. Kamba ya mlango ilizungushwa kwenye kigingi kilichopigiliwa ukutani, bonge la udongo mbichi likabandikwa juu ya fundo, kisha muhuri ukaviringishwa juu ya bonge hilo. Udongo ulipokauka, hakuna aliyeweza kuufungua mlango bila kuuvunja. Mabonge hayo yaliyovunjika ndiyo ninayoyapenda kuliko mihuri yenyewe, kwa sababu yana pande mbili za kusomwa. Mbele kuna picha; nyuma kuna alama ya nyuzi za kamba iliyosokotwa, mstari wa mbao wa kigingi, au mfumo wa ukindu wa kikapu, na mara nyingine alama ya kidole cha mtu aliyeubandika udongo ule. Kwa kuutazama upande wa nyuma tunaweza kusema kama kilichofungwa kilikuwa mtungi, kifurushi au chumba kizima. Mihuri ya silinda iliitangulia hata mwandiko wa kikabari, ule wa alama zilizobonyezwa kwenye udongo: kabla watu hawajaandika hesabu zao, waliviringisha mihuri juu ya mipira ya udongo iliyofichwa ndani yake vigae vidogo vya kuhesabia mali.

Kusini mwa Mesopotamia hakuna mawe ya maana. Ni nchi ya matope, mianzi na mitende, na kwa hiyo kila muhuri wa jiwe zuri ni ushahidi wa safari. Lapisi lazuli, jiwe la buluu nzito lililopendwa na Wasumeri kuliko yote, lilitoka milima ya Badakhshan, katika Afghanistan ya leo. Akiki ilikuja kutoka mashariki. Shaba na mawe meusi magumu yalitoka Magan, nchi ambayo wataalamu wanaitambua kuwa eneo la Oman na Falme za Kiarabu za leo, yakisafirishwa kwa merikebu kupitia Dilmun, yaani Bahrain. Kuna hata kidani, ingawa si muhuri, kilichopatikana katika kaburi la kale huko Eshnunna, kaskazini mashariki mwa Baghdad, na uchunguzi wa kikemia ulionyesha kuwa ni cha sandarusi inayofanana na ile ya Afrika Mashariki. Jinsi kilivyofika huko zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ni swali ambalo msomaji wa pwani yetu ana haki ya kulitafakari.

Vifaa vya fundi vilikuwa vichache: patasi ndogo za shaba, kisha za shaba nyeusi, keekee ya upinde, na unga mgumu wa kusagia. Mwanzoni mwa milenia ya pili KK liliongezeka gurudumu la kukatia, nalo likawawezesha mafundi kulimudu hematiti, jiwe zito la madini ya chuma lililotawala mihuri ya zama za Babeli ya kale. Ukiukagua muhuri wa hematiti kwa lenzi utaona mapigo ya gurudumu kama mistari mifupi iliyochongoka pande zote mbili, na mashimo ya keekee yaliyoachwa wazi mahali pa vichwa na viungo. Baadhi ya wataalamu huona hayo kama uzembe. Mimi nayaona kama mwandiko wa fundi aliyejua ni wapi pa kusimama.

Wakati mwanaakiolojia Leonard Woolley alipoyachimbua makaburi ya kifalme ya Uru, mji wa Wasumeri, katika miaka ya 1920, alilikuta kaburi la mwanamke ambaye muhuri wake wa lapisi lazuli ulilitaja jina lake: Puabi. Picha yake ni ya karamu iliyogawanywa katika safu mbili, watu wamekaa na vikombe mikononi, watumishi wakiwahudumia. Karamu ilikuwa mada kubwa ya mihuri ya wakati huo, na katika mihuri mingine wanywaji wanaonekana wakivuta bia kutoka mtungi mmoja kwa mirija mirefu. Jambo zito zaidi ni kwamba maandishi ya Puabi yanataja cheo chake cha umalkia bila kumtaja mume.

Hata hivyo kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, ni zama za dola ya Akadi, kuanzia takriban 2334 KK. Muhuri wa Adda, ulioko British Museum, umechongwa kwenye jiwe la kijani lenye urefu wa sentimita 3.9 tu. Katikati, mungu jua Shamash anachomoza kati ya vilima, sehemu ya juu ya mwili ndiyo inayoonekana, mionzi ikimtoka mabegani na mkononi ameshika msumeno wa kuikatia milima njia ya kutokea. Upande mmoja amesimama Ishtar mwenye mabawa, silaha zikimchomoza mabegani. Upande wa pili Ea, mungu wa maji matamu, ameukanyaga mlima kwa mguu mmoja, na mikondo ya maji yenye samaki wanaoruka inamtiririka kutoka mabegani. Nyuma yake yupo mhudumu wake Usmu, ambaye ana nyuso mbili, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma. Mwisho kabisa kuna mungu mwenye upinde akiwa na simba. Kila mmoja amevaa taji la pembe nyingi, alama ya uungu. Na juu ya simba, ndani ya kisanduku kidogo, yameandikwa maneno mawili tu: jina la Adda na kazi yake, mwandishi. Ulimwengu mzima wa miungu umekusanywa, wakati wa mapambazuko, katika kitu ambacho karani alikivaa mwilini akienda kazini.

Mwandishi mwingine, Ibni-sharrum, aliyemtumikia mfalme Shar-kali-sharri, aliagiza muhuri ambao sasa uko Louvre. Mashujaa wawili wenye mashungi ya nywele wamepiga goti, kila mmoja ameshika chombo kinachobubujika maji, na nyati wa majini wenye pembe pana wanayanyoosha vichwa vyao kuyapokea. Wanyama hao hawakuwa wa Mesopotamia. Walitoka bonde la Indus, nchi iliyojulikana kama Meluhha, na fundi amewachonga misuli, kwato na mikunjo ya shingo kwa uhakika wa mtu aliyewaona kwa macho. Mawasiliano na nchi hiyo yalikuwa mazito kiasi cha kumpa mtu ajira: upo muhuri wa zama hizo hizo wa mtu aitwaye Shu-ilishu, unaomtambulisha kuwa mkalimani wa lugha ya Meluhha.

Katika utawala wa nasaba ya tatu ya Uru, kuanzia takriban 2112 KK, picha zilipungua aina. Karibu kila ofisa alikuwa na tukio lile lile: mwenye muhuri anashikwa mkono na mungu wa kike anayemwombea, naye anapelekwa mbele ya mfalme au mungu aliyeketi. Wanafunzi huchoshwa na urudiaji huu, lakini mimi sichoshwi nao, kwa sababu hapo ndipo muhuri unapoonyesha waziwazi ulivyokuwa kitambulisho cha mtumishi wa dola. Makarani wengi waliviringisha sehemu ya maandishi zaidi kuliko picha, kwani jina na cheo ndivyo vilivyohitajika kisheria. Kuna maandishi ya Kisumeri yanayoeleza jinsi muhuri wa mfanyabiashara mmoja ulivyopotea na mpiga mbiu akapuliza pembe katika mitaa yote ya mji, ili tangu siku hiyo mtu yeyote asiweze kumdai mwenye muhuri kwa hati iliyotiwa alama yake. Na aliyekuwa hana muhuri wakati wa kufunga mkataba alibonyeza ukucha wake kwenye udongo, au upindo wa nguo yake.

Sasa msomaji asimame mbele ya nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala mwaka 1792 hadi 1750 KK. Nguzo hiyo ya jiwe jeusi, yenye kimo cha mita 2.25, ilipatikana Susa mwaka 1901 na 1902. Juu yake mfalme amesimama, mkono ameuinua mbele ya kinywa, na Shamash ameketi mbele yake, mionzi mabegani, akimnyoshea fimbo na pete. Kila kilichomo humo kilikuwa kimeshachongwa mara nyingi kwenye mihuri: mungu aliyeketi, mwombaji aliyesimama, mkono ulioinuliwa, mionzi ya mabegani. Kilichobadilika ni kimo, na mungu wa kike wa kuombea ameondolewa, hivyo Hammurabi anafika mbele ya mungu bila mtu wa kati. Mtu aliyekwisha kutazama mihuri mingi hulitambua pengo hilo mara moja, na hulielewa kama tamko la kisiasa.

Huko Ashuru uhusiano huo ni wa karibu zaidi. Ashurnasirpal wa Pili, aliyetawala mwaka 883 hadi 859 KK, aliweka nyuma ya kiti chake cha enzi huko Kalhu, mji wake mkuu, mchongo wa mfalme anayeonekana mara mbili, kulia na kushoto kwa mti mtakatifu, na duara lenye mabawa likielea juu yake. Tukio hilo hilo tunalikuta kwenye mihuri ya maofisa wa wakati huo. Muhuri rasmi wa wafalme wa Ashuru, ambao ulikuwa wa kugonga badala ya kuviringisha, ulionyesha mfalme akimkabili simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, upanga ukimwingia. Ashurbanipal alipoagiza michongo ya uwindaji wa simba kwa ajili ya jumba lake la Ninawi, ile ambayo Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, aliifukua mwaka 1853, aliliingiza humo pambano hilo hilo la ana kwa ana. Sifa za michongo hiyo huelekezwa kwa simba wanaokufa, na ni halali, maana simba jike aliyepooza miguu ya nyuma na bado anajikokota akinguruma ni kazi ya mkono usio na mfano. Lakini mtumishi wa jumba aliyepita mbele ya mfalme yule mwenye upanga alikuwa anautazama muhuri wa dola uliokuzwa ukutani.

Baba yake Ashurbanipal, Esarhaddon, aliwaapisha raia na watawala waliokuwa chini yake mwaka 672 KK kwamba watamtambua mwanawe kuwa mrithi. Vibao vikubwa vya kiapo hicho vilipatikana Kalhu mwaka 1955, na juu yake imeviringishwa mihuri mitatu ya mungu Ashur: mmoja wa zama za mfalme Sennakeribu, baba yake Esarhaddon, mmoja wa Ashuru ya kati, na wa tatu wa Ashuru ya kale, ambao siku ile ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Hekalu lilikuwa limeutunza muda wote huo, na bado ulikuwa na nguvu ya kisheria.

Mihuri ya silinda ilitoweka udongo ulipoacha kuwa karatasi ya dola. Kiaramu kiliandikwa kwa wino juu ya ngozi na mafunjo, na hati iliyokunjwa ilihitaji tone dogo tu la udongo, ambalo muhuri wa kugonga ulilitosha.

Udogo uliowafaa makarani umewafaa pia wezi. Jumba la Makumbusho la Iraki lilipoporwa Aprili 2003, mihuri ipatayo 5,000 ilichukuliwa kutoka ghala lake, kwa kuwa mamia yake huingia kwenye mkoba mmoja, na katika miaka iliyofuata waporaji waliyatoboa maeneo ya kale kama Umma na Isin kwa maelfu ya mashimo. Muhuri unaofika mnadani kwa njia hiyo bado una picha, na pengine jina, lakini hatuwezi kujua ulilinda ghala gani wala ulizikwa na nani. Muhuri wa Puabi ungetoka ardhini namna hiyo, tungebaki na jina na karamu tu. Kwa kuwa Woolley aliandika mahali ulipokuwa, karibu na bega la kulia la malkia, pamoja na mihuri mingine miwili na pini za dhahabu, tunajua kwamba aliuvaa juu ya nguo, mahali ambapo kila aliyesimama mbele yake aliuona.