Kubadilisha Mtutu wa Bunduki Nchini Kanada: Lini Daraja la Kisheria Hubadilika, na Lini Halibadiliki

Aliyezoea utaratibu wa Kenya au Tanzania, ambako kila bunduki huombewa kibali chake, akifika Kanada hukuta hesabu nyingine kabisa. Huko leseni hupewa mtu, na silaha zimegawanywa katika madaraja matatu: za kawaida, zenye masharti na zilizopigwa marufuku. Bunduki ya kawaida unaweza kwenda nayo kuwinda. Yenye masharti lazima iwe na cheti cha usajili, haiwindiwi, hupigwa kwenye viwanja vilivyoidhinishwa tu, na kuisafirisha kunahitaji idhini ya maandishi. Ndiyo maana wenye bunduki zenye masharti huuliza mara kwa mara: nikiweka mtutu mrefu zaidi, itashuka kuwa ya kawaida?

Jibu linategemea sababu iliyoiweka bunduki hiyo katika daraja lake. Kifungu cha 84 cha Kanuni ya Jinai ya Kanada kinataja sababu kadhaa, na urefu wa mtutu ni mojawapo tu. Bunduki inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, na inayotumia risasi zenye fataki katikati ya kitako, huwa na masharti ikiwa mtutu wake haufiki milimita 470. Bunduki yoyote inayoweza kupigwa ikiwa imekunjwa au kufupishwa hadi chini ya milimita 660 nayo huwa na masharti, hata kama mtutu ni mrefu. Kisha kuna zilizotajwa kwa jina katika kanuni za serikali, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Iliyotajwa kwa jina haiokolewi na mtutu. AR-15, bunduki ya kujipakia yenye asili ya Marekani, ilikaa miaka mingi katika daraja la masharti kwa jina lake, na aliyeifunga mtutu wa inchi 20 bado alikuwa na silaha yenye masharti. Tarehe 1 Mei 2020 ikaingizwa katika marufuku pamoja na mamia ya aina nyingine, na orodha ikaongezwa tena Desemba 2024 na Machi 2025. Mwenye bunduki ya kundi hilo yuko chini ya msamaha wa muda wenye masharti yake, na hakuna kazi ya karakana itakayomtoa humo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma, kabla ya kugusa bisibisi. Polisi wa taifa, RCMP, wanaendesha Programu ya Silaha ya Kanada na kutunza Jedwali la Rejea la Silaha, linaloeleza kila aina, daraja lake na sababu ya kuwekwa hapo. Tafuta bunduki yako kwa mtengenezaji, jina la modeli na namba ya modeli. Sababu ikiwa ni urefu wa mtutu peke yake, kuna la kufanya. Ikiwa ni jina, acha.

Mfano mzuri wa sababu ya urefu ni M1 Carbine, bunduki nyepesi ya jeshi la Marekani ya Vita Kuu ya Pili. Mtutu wake wa kiwandani ni inchi 18, yaani milimita 457. Inajipakia yenyewe, risasi yake ina fataki katikati, na kwa upungufu wa milimita 13 tu inaangukia upande wa masharti. Kwa bunduki ya namna hii, mtutu mrefu kweli unagusa kiini cha tatizo, mradi jedwali la leo lisiwe limeiongezea sababu nyingine.

Sasa tazama namba kwa makini, maana soko la mitutu linauza kwa inchi na sheria inapima kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Mtutu ulioandikwa inchi 18.5 una milimita 469.9. Umepungukiwa sehemu ya kumi ya milimita, na sheria inasema chini ya 470. Ndiyo sababu mitutu mingi inayotengenezwa kwa ajili ya soko la Kanada huwa ya inchi 18.6, sawa na milimita 472.4. Ushauri wetu ni kununua unaozidi hapo. Fundi akilazimika kusawazisha mdomo ulioharibika au kuuchonga upya, milimita mbili huisha haraka kuliko unavyodhani, na hakuna njia ya kuzirudisha.

Kupima si kunyoosha futi juu ya chuma kwa nje. Toa magazini, fungua boliti (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa, kwa macho na uguse kwa kidole kuhakikisha hamna risasi. Funga boliti. Ingiza ufito mnyoofu wa mbao kupitia mdomo wa mtutu mpaka ukome kwenye uso wa boliti. Weka alama ya penseli kwenye ufito pale mdomo wa mtutu unapoishia, utoe, upime kutoka ncha hadi kwenye alama. Rudia mara tatu, kwa sababu ufito ukiinama au ukikwama kwenye ukingo wa chemba utapata jibu la uongo. Chemba inahesabiwa katika urefu.

Kinachofungwa mdomoni hakihesabiwi. Sheria ya Kanada inasema wazi kwamba urefu wa mtutu haujumuishi kifaa chochote cha ziada, kikiwemo cha kuzuia mwako au kupunguza teke. Hapa kuna mtego kwa wanaosoma mafunzo ya Marekani. Huko, kifaa kilichochomelewa moja kwa moja huhesabiwa kuwa sehemu ya mtutu, na watu huongeza urefu kwa njia hiyo. Kanada njia hiyo haipo. Mtutu wa milimita 420 wenye kifaa cha milimita 60 kilichochomelewa unabaki kuwa wa milimita 420. Ukipima bunduki yenye kifaa cha aina hiyo, kifungue kwanza. Kama hakifunguki, mpe fundi atafute mdomo halisi ulipo.

Kanuni ya milimita 470 haizihusu bunduki za boliti ya mkono, ambazo mpigaji huzipakia kwa kuvuta boliti kila mara, wala zile za risasi ndogo za .22 zenye fataki ukingoni. Hizo zina mipaka yake, hasa ule wa milimita 660. Anayetaka kubadilisha mtutu wa .22 ili "aihalalishe" mara nyingi anatibu ugonjwa ambao bunduki yake haina.

Kuongeza urefu na kukata ni mambo mawili tofauti kabisa. Bunduki ya mabega iliyokatwa kwa msumeno au kurekebishwa hadi mtutu ukawa chini ya milimita 457, au urefu wake wote ukawa chini ya 660, huingia moja kwa moja katika marufuku, hata kama ni ya boliti au ya mitutu miwili. Usikate mtutu nyumbani kwa sababu yoyote.

Kazi yenyewe ya kufunga mtutu ni ya fundi silaha mwenye leseni ya biashara. Jambo zito ni nafasi kati ya uso wa boliti na pale risasi inapokaa ndani ya chemba. Fundi huipima kwa vipimo viwili vya chuma: boliti lazima ifungike juu ya kimoja na ikatae kufungika juu ya kingine. Nafasi ikizidi, ganda hutanuka na linaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Ikipungua, boliti haifungi sawasawa. Katika M1 Carbine risasi hukaa kwa ukingo wa mdomo wa ganda, hivyo chemba iliyochongwa vibaya haifichiki. Tena silinda ya gesi ya bunduki hiyo, inayoifanya ijipakie, iko kwenye mtutu wenyewe. Mtutu mpya lazima uje na silinda yake mahali panapostahili, la sivyo bunduki haitajipakia, au itajipakia kwa nguvu za kuharibu sehemu zake.

Kuipeleka kwa fundi kunahitaji idhini ya usafirishaji kutoka kwa Ofisa Mkuu wa Silaha wa jimbo lako, kwa sababu hadi kazi ikamilike bado ni silaha yenye masharti. Iwe tupu, imefungwa kifaa cha kuzuia kufyatuka, ndani ya sanduku lililofungwa lisiloonyesha kilichomo. Kununua mtutu nako sasa kunahitaji leseni, kutokana na sheria ya silaha iitwayo C-21. Baada ya kazi, mwenye cheti cha usajili anatakiwa kumjulisha Msajili wa Silaha ndani ya siku 30 kuhusu badiliko lililogeuza daraja. Mwombe fundi akuandikie namba ya bunduki na urefu wa mtutu kwa milimita. Mpaka Msajili athibitishe, itunze na uisafirishe kama yenye masharti. Usiende nayo kuwinda kwa kutegemea maneno ya fundi.

Magazini haiguswi na mabadiliko haya. Kikomo cha risasi tano kwa bunduki za aina hii kinabaki palepale, na magazini za zamani za M1 Carbine za risasi 15 au 30 lazima ziwe zimezibwa kwa namna ya kudumu.

Kwa wakazi wa Quebec kuna hatua zaidi: jimbo hilo lina usajili wake wa bunduki za kawaida, kwa hiyo iliyotoka katika daftari la taifa inapaswa kuingia katika la jimbo. Na ule mtutu mfupi wa zamani, uuze kwa mwenye leseni au uutenge mbali na bunduki. Siku ukirudishwa, hata kwa jaribio la dakika tano, bunduki imerudi katika daraja la masharti, safari hii bila cheti, na kumiliki silaha yenye masharti bila cheti ni kosa la jinai.